Manyoya ya Kizibao cha Mami Masanja

Enzi zetu sisi, mtoto wa Nkololo alipimwa kwa waongo wake. Usicheke kwanza, nieleze. Mwongo ndilo jina tulilompa yule nzi wa manyoya tuliyemfunga kwa mikono yetu kwenye ndoano, maana kazi yake hapa duniani ilikuwa moja tu, kumdanganya kambale. Mwenye waongo wazuri aliheshimiwa kule lamboni kama mzee mwenye ng'ombe wengi. Asiyekuwa nao alichimba nyungunyungu kwenye samadi, akanuka, akakaa peke yake upande ule upepo unakokwenda.

Watoto wa leo wakitaka kitu wanabonyeza. Sisi tulikiunda. Ndoano ilianza maisha yake kama sindano ya mama. Unaiomba, ukinyimwa unasubiri ikunjike yenyewe siku anaposhona gunia. Unaishika kwa koleo juu ya moto wa kibatari mpaka inakuwa nyekundu kama jicho la mlevi, unaipinda haraka kwenye msumari, kisha unaitumbukiza kwenye maji ili irudi kuwa ngumu. Ikilia tsss, mnacheka wote kama wendawazimu. Haikuwa na jino la kumzuia samaki asichomoke, kwa hiyo ukishamnasa huvuti kwa adabu. Unageuka, unakimbia naye kwenda nchi kavu huku unapiga kelele, na ukianguka mnaanguka wote wawili.

Mabawa tulipewa na yangeyange, wale ndege weupe wanaotembea na ng'ombe. Sisi tunachunga, wao wanachunga pamoja nasi, jioni wanatuachia manyoya machungani kama mshahara. Mwili tulitumia nywele za ndama mwekundu, za ubavuni. Za mkia ni ngumu, kambale anazitema. Uzi ulikuwa wa pamba ya shambani, bibi anausokota pajani mwake huku anatutukana, na mwisho unapaka ulimbo wa mti ili mafundo yasifumuke majini. Ukimaliza unapata kitu kinachofanana na kumbikumbi kabisa, mabawa marefu kuliko mwili, mjinga mjinga hivi.

Maana kumbikumbi ndiye aliyetufundisha. Mvua za kwanza zikishanyesha, jua likatoka, wanafumuka ardhini kama moshi. Kuku wanachanganyikiwa, mbwa wanaruka hewani, akina mama wanakimbia na beseni, na kule lamboni kambale wanapanda juu na midomo wazi. Siku hiyo ukimpa nyungunyungu anakuangalia tu. Anataka kumbikumbi, na sisi kumbikumbi tunawakaanga kwa chumvi na kuwala wenyewe, nani ampe samaki? Ndipo tukaunda mwongo.

Fundi kuliko sote alikuwa Minza, binamu yangu, binti wa mami Masanja. Mami kwetu ni mjomba, kaka wa mama. Minza alikuwa na vidole vyembamba na ulimi mwembamba zaidi. Siku moja nilimfunga mwongo wangu kwa nyuzi za rangi tatu, nikaona nimefika. Minza akamgeuza mkononi.

"Huyu anampendeza mvuvi," akasema. "Wewe unamvua nani?"

Sijasahau mpaka leo. Shuleni nimesahau yote, hilo sijasahau. Na shule yenyewe niliachia darasa la nne, wala sikufukuzwa na mwalimu, nilifukuzwa na ng'ombe. Baba alisema, "Ng'ombe hawasomi, lakini wanakula kila siku. Nani atawapeleka?" Nikawapeleka. Kwa hiyo msomaji ukikuta nimeruka mahali, jua ndipo ng'ombe waliponiita.

Sasa, nilitaka kusema habari za kizibao.

Wenzangu wa rika langu mnakumbuka tulikotoka. Sabuni ilikuwa hadithi. Tulifulia maganda na majivu. Shati moja lilivaliwa na kaka, likashuka kwangu, likashuka kwa mdogo wangu likiwa kola tu. Halafu ghafla ikaja ruksa. Tukaambiwa sasa biashara ruksa, kuuza ruksa, kununua ruksa. Sisi watoto hatukuelewa ruksa ni nani, tulijua tu kwamba amekuja na mitumba. Marobota yakafunguliwa mnadani Bariadi, nguo zikamwagwa chini kwenye turubai, na harufu yake, jamani, ile harufu ya dawa na ya mbali! Watu walivaa chochote. Babu wa jirani alivaa gauni la kulalia kwenda kanisani, lina maua, akapendeza. Mama mmoja alinunua sidiria akidhani ni mfuko wa kubebea vibuyu viwili, na tusifichane, vilikaa vizuri sana.

Wakati huo mami Masanja alikuwa na shida. Yeye alikuwa kiongozi wa ngoma upande wa Bagika, kimoja cha vyama viwili vya ngoma vya Wasukuma, na mpinzani wake alikuwa Gamaya wa kutoka Lalago, Mgalu, wa kile chama cha pili. Kwa asiyejua, mashindano ya ngoma zetu baada ya mavuno hayana majaji wenye kalamu. Vikundi viwili vinapiga kwenye uwanja mmoja kwa wakati mmoja, huyu kona hii, yule kona ile, na watu wanachagua kwa miguu yao. Jua likishuka, penye umati ndipo penye ushindi. Basi. Hakuna rufaa.

Mami alicheza vizuri, sauti yake ilitoa watu machozi. Lakini Gamaya alikuwa na chatu. Sasa wewe unashindanaje na chatu? Unaimba, umefika pazuri, mtu anasema "chatu anafunguliwa," na uwanja mzima unakuhama, unabaki na mkeo na mbwa. Misimu mfululizo ilikuwa hivyo. Mwishowe wachezaji wake wakaja nyumbani, wakamwambia mbele yetu bila kuzunguka: msimu huu watu wakituacha tena tunahamia kwa Gamaya, na ngoma kubwa tunaondoka nayo, maana ngozi tuliwamba sisi. Mami aliitikia tu, "Nimesikia." Jioni hakula. Minza alisema hajawahi kumwona baba yake akirudisha ugali.

Ndipo akaenda mnadani akarudi na kizibao.

Kilikuwa rangi ya majani makavu, hakina mikono, kina mifuko mpaka mgongoni. Kifuani kilishonewa kipande cha ngozi ya kondoo yenye sufu, na kwenye sufu hiyo vimechomekwa vidudu vya manyoya. Kimoja cha bluu ambayo sijawahi kuiona kwa ndege yeyote wa huku. Kimoja chekundu. Na kimoja kikubwa, kirefu kama kidole cha kati, cheusi, kimezungushiwa uzi unaong'aa kama dhahabu. Mimi na Minza tuliangaliana. Walikuwa waongo! Waongo wa kweli, wa Ulaya, wamefungwa na mtu fundi, ndoano zao zina jino.

"Mwadila, mami," nikamsalimu.

"Mwadila. Msinisogelee, nimevaa dawa."

"Dawa gani, baba?" Minza akauliza. "Hao ni waongo. Angalia hapo chini, ndoano hiyo."

"Ndoano?" Mami akacheka mpaka mifuko yote ikatikisika. "Mzungu avue samaki kwa koti? Mzungu ana meli!"

"Baba, nakuambia..."

"Nyinyi mkiona manyoya mnaona samaki. Mkimwona jogoo mtamtupa lamboni. Hebu nikuulize wewe mwenye akili. Mzungu mmoja akifika Bariadi, watoto wote si wanamfuata? Anawaita? Hawaiti. Anawapa kitu? Hawapi. Anawavuta kwa nini?" Akajigonga kifuani. "Ni hii hapa."

Ukifikiria, ni kweli walikuwa wanafuatwa.

Mama yangu alikuwa pale anapeta mtama. Yeye alikuwa Mkatoliki wa rozari, lakini mizimu aliiheshimu kama mtu anavyomheshimu jirani mkorofi.

"Masanja," akasema, "mwenye dawa hiyo unamjua? Usiniletee hapa mizimu ya watu ambao hata lugha ya kuwabembeleza sina."

"Dada, hii ni ya mitumba. Wenyewe wameshaiacha."

Siku ya mashindano ikafika. Uwanja ulikuwa kando ya lambo. Ilikuwa katikati ya kiangazi, maji yamerudi nyuma yamebaki kama sahani, matope meusi pembeni, na kambale wamesongamana mle ndani wana njaa, ukikaa kimya unaona migongo yao ikipita. Watu walitoka Ipililo, walitoka wapi, vumbi mpaka mbinguni. Sisi watoto tulikuwa tumeshiba matobolwa, viazi vitamu vya kuchemshwa na kukaushwa, tukanywa maji juu yake, tumbo limekuwa ngoma lenyewe. Mnaokumbuka viazi vile mnajua ninachosema.

Mami alivaa njuga miguuni, manyoya ya mbuni kichwani na kizibao kifuani. Akaanza vizuri. Watu wakaja, wakajaa. Mimi nikasema moyoni, leo ndiyo leo. Halafu kutoka kona ya pili tukasikia mtu anapiga mluzi na sauti ikisema, "Anafunguliwa! Anafunguliwa!" Sijui kama umewahi kuona maji yakitoka kwenye beseni lililotoboka. Ndivyo watu walivyoondoka. Akabaki mama yangu na rozari yake, bibi mmoja asiyesikia, na sisi.

Wachezaji wakaanza kuangaliana. Mpiga ngoma kubwa alikuwa anapiga huku anatazama kwa Gamaya, kama mtu anayekula kwako huku ananusa kwa jirani. Minza alinishika mkono akaukandamiza. "Wakiondoka hawa," akaniambia, "baba yangu atakuwa nani?"

Mami akasimama. Akawaambia wapigaji wasiache. Kisha akachomoa yule mweusi mkubwa kifuani, akamfunga kwenye kamba ndefu ya katani, kamba akaifunga kwenye mpini wa usinga wake wa mkia wa nyumbu, akateremka majini.

"Mami, unafanya nini?"

"Ng'ombe wote huja hapa bila kuitwa," akasema. "Dawa ikinywa maji haya, watu watakuja hivyo hivyo."

Akamtupa majini. Akaanza kumburuta haraka haraka kama mtoto anayeburuta gari la bati. Mimi nilifumba macho, maana kwa fundi yeyote lile lilikuwa tusi. Lakini Minza, huyu binamu yangu, Mungu amjalie, hakusema tena habari za ndoano. Alimsogelea baba yake kwa adabu, akapiga goti kwenye matope.

"Baba, dawa haipendi kuburutwa. Iruke, itulie. Iruke, itulie."

Mami akamtazama. Mtu akishafika pale alipofika mami, anasikiliza hata chura. Akainua usinga, mwongo akaruka. Akaushusha, mwongo akatulia, manyoya yakapumua. Akaruka. Akatulia.

Maji yakapasuka.

Usinga ulivutwa mami akapiga hatua nne mbele bila kutaka, njuga zikalia cha-cha-cha-cha. Akavuta nyuma, njuga zikalia. Akavutwa mbele. Akapiga yowe ambalo hata kwenye wimbo sijamsikia akilipiga. Na hapa ndipo penyewe, hapa ndipo mpaka leo nikikumbuka nakaa chini: mpiga ngoma kubwa alipoona kiongozi anaruka mbele na nyuma kwa namna ile, akadhani ni mtindo mpya! Akaukamata. Du-du mbele, du-du nyuma. Na wachezaji nao, watu waliofundishwa kumfuata kiongozi wala wasiulize, wakajipanga mstari nyuma yake wakaufuata. Mami akivutwa mbele, mstari mzima mbele. Mami akirudi, mstari nyuma. Akiteleza, wanateleza. Akaanguka kwa matako kwenye matope, na watu wazima kumi na kitu wenye njuga wakajibwaga kwa matako kwenye matope, pwaa, kwa pamoja, mdundo haukukosewa.

Bibi asiyesikia ndiye aliyeanza kucheka. Halafu mama yangu, rozari ikamwanguka. Kicheko kikafika kona ya pili, watu wakageuza shingo. Alianza mmoja kukimbia, wakafuata watatu, halafu uwanja mzima ukahama. Nimeona mafuriko ya Simiyu, nimeona ng'ombe wakifukuzwa na nyuki, lakini sijaona kitu kama kile. Hata yule aliyekuwa ameshika mkia wa chatu aliuachia akaja. Na Gamaya mwenyewe, mpinzani, alifika ukingoni akaanza kumfokea mami:

"Usilegeze kamba, mjinga wewe! Mkaze! Mkaze, atakuvua yeye!"

Mami alimtoa. Kambale mrefu kama mguu wangu wa wakati ule, ndevu kama za padri, kichwa kama shoka. Akamkumbatia kwenye kizibao, akasimama, akaanza wimbo wake tangu mwanzo, matope mpaka kwenye manyoya ya mbuni, na watu walikuwa wamemzunguka mpaka majini. Jua likashuka hapo hapo.

Watu wa Gamaya walilalamika, siwezi kuficha. "Haiwezekani," wakasema. "Watu wamefuata samaki, hawakufuata ngoma!"

Mama yangu, aliyekuwa hajawahi kunyoosha kidole mkutanoni, akajibu kutoka katikati ya umati, "Na kwenu walifuata ngoma au walifuata nyoka?"

Hapo hata Gamaya alicheka. Akampa mami mkono, matope kwa matope, kesi ikaisha. Hakuna mchezaji aliyehama, na ngoma kubwa ilirudi nyumbani imebebwa kichwani na yule yule aliyekuwa ananusa kwa jirani. Usiku huo mami alikula ugali wa watu watatu. Mwongo alipotolewa kwenye taya la kambale na ndoano yake ikaonekana wazi mbele ya nyumba nzima, Minza akamsogezea baba yake. Mami akaigusa ncha yake.

"Nilijua," akasema. "Dawa kali haikosi mwiba."

Mkamshinde mtu kama huyo!

Juma lililofuata lambo lilikuwa na watu wazima kuliko ng'ombe. Wanunuzi binafsi wa pamba, wale wapya walioletwa na ruksa, mmoja alikuja na kamba yake anyweshe dawa ili wakulima wamfuate yeye. Fundi baiskeli alikuja. Kijana aliyekataliwa posa alikuja, amepaka mafuta. Na kwa kuwa wa Ulaya walikuwa wachache, wote walitufuata sisi watoto tuwafungie wa yangeyange. Tulikaa kivulini tukifunga, wakubwa wamepanga foleni wananyenyekea, "Mwanangu, nifanyie dawa yenye mabawa marefu." Minza aling'ata uzi, akaninong'oneza, "Umeona? Sasa tunawavua wakubwa." Na kila jioni nyumba zilinuka kambale, maana dawa ilinyweshwa sana na ilifanya kazi ile inayoijua. Sijui kama pamba ilivutwa. Watoto wa Nkololo tulinenepa.

Siku hizi lile lambo limejaa mchanga, limebaki la kuloweshea nyayo. Samaki wachache waliobaki wanakokotwa kwa vyandarua, hata watoto wao wasiojua kuogelea. Ndoano zinauzwa dukani zimejaa kwenye kopo, na hakuna anayezinunua. Ngoma zipo, lakini zina spika na jenereta, na watu wanasimama pale pale walipo, kila mmoja ameinua simu yake, anaangalia kwenye kioo kitu kilicho mbele ya pua yake.

Mwaka huu mjukuu wangu alikuja likizo kutoka Mwanza. Nikamwonyesha jinsi ya kumfunga mwongo, vidole vyangu vimezeeka lakini fundo vinalikumbuka. Kwanza aliniuliza, "Babu, hii inachajiwa wapi?" Nikamsamehe. Kisha akatoa simu akanipiga picha za kutembea, mimi nafunga huku namsimulia mambo ya mami Masanja, akazirusha huko wanakorusha. Baada ya siku kadhaa akaja anaruka.

"Babu, wamekuangalia watu wengi kuliko Nkololo nzima!"

Nikafurahi, kwa nini niseme uongo. Nikamuuliza, "Na kuna aliyekimbia?"

"Kukimbia kwenda wapi, babu?"

Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mzee aliyesahau kiatu kimoja. Nikarudia kusokota uzi wangu. Utamwelezaje mtoto ambaye hajawahi kusikia ardhi ikitetemeka kwa sababu watu wote wameamua, kwa miguu yao, kuja kwako?